Macho ya Mwalimu wa Nyota

Wanafunzi walimwita Madam Nyota, na jina hilo alilipenda kuliko alivyokuwa tayari kukiri. Jina lake la ubatizo ni Avelina. Alikuwa na miaka arobaini na minne, mwalimu wa jiografia katika shule ya sekondari ya kata, mwendo wa nusu saa kwa pikipiki kutoka Mwimbi. Kila kiangazi, anga la Ufipa linapotakata na baridi inapoanza kuuma masikio, aliwakusanya watoto wa klabu yake uwanjani mara jua likishazama. Aliwaonyesha Msalaba wa Kusini, akawaonyesha Zuhura na Mshitarii, akawafundisha kutofautisha nyota na setilaiti: nyota humeta na kubaki na wenzake, setilaiti hukatiza kimya bila kumeta, kama mtu anayewahi safari.

Darubini hakuwa nayo. Alikuwa na simu yenye ratiba ya kile kituo cha anga za juu kinachobeba watu, na daftari gumu la mistari alimoandika kila kilichopita na saa kilipopita. Wazazi waliokuwa wakinung'unika kwamba anawachelewesha watoto kazi za nyumbani walinyamaza siku alipotangaza kwamba kituo kitapita saa moja na dakika kumi na mbili, kikitokea magharibi, upande wa Kasanga. Kijiji kizima kilitoka nje kumsuta. Saa moja na dakika kumi na mbili, upande wa Kasanga, kikatokea.

Mapenzi hayo aliyapata kwa baba yake, marehemu Gaudensi, mkulima wa ulezi ambaye hakuwa anapanda mpaka akione Kilimia, kile kishada cha nyota, kikichomoza mashariki jioni za Novemba. Avelina akiwa na miaka sita, baba alikuwa akimbeba begani, anasimama naye nje ya jiko na kumuuliza:

"Kilimia kimetoka?"

"Kimetoka, baba."

"Hesabu. Ni ngapi?"

"Sita."

"Hesabu vizuri."

"Saba!"

Mzee alicheka kwa furaha, akamwambia ana macho ya mwewe. Kwa Avelina hakukuwa na saa tamu kuliko hizo. Alipopata ajira ya ualimu aliomba mwenyewe kurudishwa kwao, jambo ambalo wenzake wa chuo waliliona ni wazimu.

Taabu yake ilianza kidogo kidogo, alipokuwa na miaka thelathini na tisa. Jioni moja alilikanyaga beseni la vyombo lililokuwa mlangoni siku zote. Wiki nyingine akagonga goti kwenye kiti alichokiweka yeye mwenyewe. Akasema ni uchovu. Akanunua miwani mjini Sumbawanga, haikusaidia kitu. Kisha nyota ndogo zikaanza kumtoroka. Kilimia alichokihesabu saba utotoni kikawa na nyota tano, mwaka uliofuata tatu, kisha kikawa kama ukungu, kisha Novemba moja akasimama nje shingo juu mpaka ikamuuma, na mahali pa Kilimia palikuwa peusi tu.

Hakumwambia mtu. Mumewe, Isdori, alikuwa seremala, mtu wa maneno machache, na Avelina alijifunza kumtanguliza kwa hila: "Baba Sharon, hebu pita mbele, mimi nafunga mlango." Alihesabu hatua kutoka jikoni hadi chooni. Usiku alipita akipapasa ukuta. Mchana alikuwa mzima kabisa, akiandika ubaoni na kusahihisha madaftari, kwa hiyo kila asubuhi alijiambia kwamba jana ilikuwa bahati mbaya. Mwalimu wa nyota asiyeziona nyota atamwambia nani?

Kilichomuumiza mapema ni mambo ya salamu. Mahali pale salamu si mchezo. Ukimpita mtu bila kumsalimia umemtukana. Jioni moja ya Mei watu walikuwa wakitawanyika baada ya sala ya jumuiya. Romani, mkulima mwenye heshima zake na baba wa mwanafunzi wake Winifrida, alimnyooshea mkono. Avelina alipita kando yake kama anavyopita mti. Mkono ukabaki hewani mbele ya watu. Kesho yake habari zikamfikia: Madam siku hizi anajidai, hashiki mikono ya wakulima. Angeweza kwenda kwa Romani akasema, "Baba Winifrida, sikukuona." Lakini angeulizwa kwa nini hakumwona, na mtu alikuwa amesimama hatua moja kutoka kwake. Akanyamaza, akaongeza jambo la pili la kuficha juu ya lile la kwanza.

Mwezi Juni kituo kilipita tena. Watoto ishirini na watatu walikuwa uwanjani, wamejifunga khanga na masweta.

"Kile pale!" mmoja alipiga kelele, na wote wakaanza kuonyeshana.

Avelina alinyanyua uso. Aliona anga jeusi kama lami. Alisubiri sauti za watoto zimwonyeshe upande, akageukia alikodhani ndiko.

"Nimekiona," alisema. "Angalieni kinavyokwenda bila kumeta. Ndani yake kuna watu, labda sasa hivi wanakula chakula cha jioni."

Watoto wakaacha kuonyeshana. Kisha Winifrida, msichana mrefu wa kidato cha pili aliyekuwa akiandika vizuri kuliko wote kwenye klabu, alisema taratibu, "Ndiyo, Madam. Sasa kimefika juu ya bendera. Kinaelekea kwenye miti ya mikaratusi. Kinafifia. Kimeingia kivulini."

Avelina aliandika hayo hayo kwenye daftari lake, akamshukuru moyoni bila kujiuliza kwa nini mtoto yule ameamua kutangaza kila hatua.

Tarehe saba Septemba, 2025, siku ya Jumapili, mwezi ulikuwa upatwe. Avelina alikuwa ameingoja siku hiyo mwaka mzima. Aliomba ruhusa kwa mkuu wa shule, Mwalimu Nestory, awapeleke watoto kwenye kilima kilicho nyuma ya shule, ambako upeo ni wazi pande zote. Mwalimu mwingine aliahidi kwenda naye, lakini mchana akapata dharura Matai. Angeweza kuahirisha. Lakini kupatwa kwa mwezi hakuahirishwi, na mwezi mpevu, alijiambia, ni taa tosha kwa macho yake: watapanda mlima mwezi ukiwaka, watashuka ukiwa umerudi. Katikati hapo watakuwa wameketi.

Basi wakapanda. Mwezi ulipoanza kuliwa ukingoni, watoto waliokuwa wakitafuna karanga waliacha kutafuna. Avelina akawaamuru wazime tochi zote, macho yazoee giza, kama alivyowafundisha kila mara. Saa mbili na nusu mwezi wote ulikuwa umezama kivulini, rangi yake ya kutu, na nyota zilizokuwa zimefichwa na mwanga wake zikajitokeza kwa maelfu. Watoto wakapiga vigelegele. Kwao anga lilikuwa limefunguliwa. Kwa Avelina mtu alikuwa amezima taa. Aliuona mwezi kwa kitambo kama kaa linalokufa, akapepesa macho, akaupoteza.

Alikuwa ameketi hivyo, akijibu maswali kwa sauti ya uchangamfu kuhusu vitu asivyoviona, upepo wa baridi ulipoanza kupanda mlimani na binti mmoja wa kidato cha kwanza akaanza kukohoa. Kikohozi kikageuka kuwa mluzi wa kifua. Ana pumu, wenzake walisema, na dawa yake iko nyumbani.

"Tunashuka," Avelina alisema. "Wote. Nifuateni kwa mstari."

Aliwasha tochi ya simu. Ilimulika duara dogo, na ndani ya duara hilo majani yote yalifanana. Alikwenda haraka kwa sababu mluzi wa kifua cha yule mtoto ulikuwa nyuma yake, na kwa sababu kusita kungemfichua.

"Madam," ilikuwa sauti ya Winifrida, "njia iko kulia."

"Nifuate, Winifrida. Njia hii naipita tangu hujazaliwa."

"Madam, huko kuna korongo."

"Nimesema nifuateni!"

Kilichofuata alikijua kwa masikio na ngozi tu. Vishindo vya miguu vikikimbia kutoka nyuma. Mikono miwili ikimkamata kiunoni na kumzungusha kuelekea nyuma kwa nguvu mpaka akaanguka chali. Kisha udongo ukamong'onyoka, kikasikika kilio kifupi, kisha kishindo, mbali chini. Simu yake ilikuwa imeangukia majani, inamulika mawingu ya vumbi. Watoto walikuwa wanalia. Avelina alitambaa kwa magoti hadi mkono wake ulipokosa ardhi, na hapo ndipo akajua alikuwa hatua moja kutoka wapi.

"Winifrida!"

"Niko huku, Madam," sauti ilimjibu kutoka chini. "Mguu wangu umekaa vibaya."

Wanaume wa kijiji, walioitwa na watoto, walikuja na ngazi, wakang'oa mlango wa darasa wakaufanya machela. Yule wa pumu alipata dawa yake, akatulia kabla ya saa nne. Winifrida alipelekwa kwa gari hadi Matai, na kutoka Matai usiku ule ule hadi hospitali mjini Sumbawanga. Mfupa wa paja ulikuwa umevunjika sehemu mbili.

Jumatatu asubuhi Mwalimu Nestory alimsogezea karatasi. Hakuwa mtu mkali. Alikuwa mtu aliyeogopa simu kutoka wilayani.

"Andika maelezo, Madam. Yanatakiwa leo."

Avelina aliishika kalamu muda mrefu. Kisha akaandika: *Wakati tukishuka, mwanafunzi alitoka kwenye mstari bila ruhusa na kukimbilia ukingo wa korongo, ambao ulibomoka.* Aliyasoma tena. Kila neno, ukilichukua peke yake, lilikuwa kweli. Winifrida alitoka kwenye mstari. Hakuomba ruhusa. Alikimbia. Akaweka sahihi, na mkono haukutetemeka, jambo ambalo baadaye lilimtisha kuliko lolote.

Jumamosi alipanda gari kwenda Sumbawanga kumwona mgonjwa. Alimkuta Winifrida amelazwa, mguu umefungwa kamba na kuvutwa kwa mawe yaliyoning'inia mwisho wa kitanda ili mfupa unyooke. Baba yake, Romani, alikuwa amesimama kando, kofia mkononi. Alimwona mwalimu, akainamisha kichwa kwa adabu ya baridi. Kisha akamgeukia bintiye.

"Mwombe mwalimu wako radhi."

Winifrida aliyatazama mawe yale.

"Sikukuambia? Ukaidi wako utakuja kukuua. Umeambiwa ukae kwenye mstari, unakimbilia wapi usiku? Ungeweza kumtumbukiza na mwenzako. Mwombe radhi!"

Mtoto alimtazama Avelina. Hakukuwa na hasira kwenye macho yale. Alikuwa anangoja tu, kama mtu aliyeuliza swali darasani.

Avelina alikuwa na nafasi ya kusema. Ilikuwa kubwa na wazi. Akainama kunyoosha blanketi la kitanda.

"Nisamehe, Madam," Winifrida alisema mwishowe. Kisha, kwa sauti ndogo zaidi, "Mtihani wa Novemba nitafanya?"

Avelina alisema watazungumza, akatoka. Kwenye ujia wa wodi uliokosa madirisha alikigonga kigari cha dawa, chupa zikamwagika. Muuguzi aliyekuwa akikisukuma alimshika mkono, hakumkemea.

"Mama, hukukiona?"

Ni swali dogo. Kwa miaka mitano watu walikuwa wamemuuliza kama ana haraka, kama amechoka, kama ana dharau. Hili hakuna aliyemuuliza. Akajikuta analia katikati ya ujia, watu wakipita.

Muuguzi alimpeleka mwenyewe kliniki ya macho. Daktari aliitwa Loth, kijana mwenye sauti ya upole. Alimmulika ndani ya macho kwa muda mrefu. Kisha akaketi mbele yake, magoti yao karibu yagusane.

"Mwalimu, angalia pua yangu, usiondoe macho. Nitanyoosha mikono pembeni, nitachezesha vidole. Ukiviona tu, sema."

Avelina aliangalia pua. Akasubiri. Nje mtu alikuwa akiita majina ya wagonjwa.

"Daktari, umeanza?"

"Nilianza kitambo, mwalimu."

Alimweleza bila kuzungukazunguka. Ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga ulikuwa unakufa taratibu, kuanzia pembeni kuja katikati. Kwanza huondoka usiku, kisha pembeni, na mwisho mtu hubaki akichungulia dunia kama kupitia tundu la ufunguo. Miwani haina kazi hapo. Dawa ya kuurudisha hospitali yake haikuwa nayo, na hakutaka kumdanganya kwamba iko mahali. Angemwandikia barua kwenda Mbeya kwa vipimo zaidi.

"Ugonjwa huu mara nyingi hutembea kwenye ukoo," alisema. "Kuna mtu kwenu aliyekuwa haoni usiku?"

"Hakuna. Baba yangu ndiye aliyenifundisha nyota."

Daktari aliandika. "Una watoto?"

"Mmoja. Msichana, ana miaka kumi na tano."

Kalamu ilisimama kidogo, kisha ikaendelea.

Kesho yake alikwenda kwa mama yake mzazi. Cornelia alikuwa nyuma ya nyumba akipepeta ulezi, makapi yakiruka na upepo. Avelina alimwamkia, akapiga magoti, akamsimulia yote kuhusu macho. Mama hakuacha kupepeta mpaka ungo ulipobaki na nafaka tupu. Ndipo akauweka chini.

"Baba yako alikuwa haoni usiku tangu ujana wake," alisema.

"Mama! Baba? Si ndiye alikuwa ananionyesha Kilimia?"

"Alikuwa anakuonyesha, au alikuwa anakuuliza?"

Avelina alikaa chini kabisa, juu ya makapi.

"Kabla hujazaliwa nilikuwa ninamwangalizia mimi," Cornelia aliendelea. "Ulipopata akili akakuchukua wewe. Nyota zile ulikuwa unamwonea. Ulipohesabu saba, alirudi ndani akaniambia, 'Huyu amepona, huyu anaona.' Alilia kwa furaha usiku ule."

"Na hamkuniambia."

"Alikataza. Alisema mtoto akiambiwa ataanza kuogopa kabla ya siku yake. Na ulikuwa unaona, mwanangu. Tungesema nini?"

Hasira ilimpanda Avelina. Akataka kumlaumu marehemu, akataka kumlaumu kikongwe aliyekuwa mbele yake na makapi kwenye nywele. Lakini kila lawama aliyoitunga ilimrudia mwenyewe. Wao walificha wakadhani wanamlinda mtoto. Yeye alificha, na mtoto wa mwenzake amening'inizwa mawe mguuni. Mficha maradhi kifo humuumbua, wahenga walisema; hawakusema kwamba wakati mwingine kifo huanza na jirani.

Usiku huo alimwambia Isdori kila kitu. Mumewe alisikiliza akiwa amekaa ukingoni mwa kitanda.

"Miaka mitano," alisema. "Miaka mitano unanitanguliza mlangoni, na mimi nadhani ni heshima."

Akazima taa. Alfajiri Avelina alimsikia akigonga misumari. Alikuwa amefunga kamba kutoka mlango wa jikoni mpaka chooni, imekazwa kimo cha kiuno cha mkewe.

Jumatatu alikwenda ofisini kwa Mwalimu Nestory. Mkuu aliposikia ukweli alinyanyuka, akafunga mlango.

"Maelezo yameshafika wilayani, Madam. Unajua unachoniambia?"

"Ninajua, Mkuu."

"Mtoto anaendelea vizuri. Mzazi hajalalamika. Jambo limelala, wewe unataka kuliamsha?"

"Mzazi hajalalamika kwa sababu anadhani mwanawe ni mkaidi."

Nestory alijishika kipaji. "Utaharibu kazi yako."

"Nipe karatasi nyingine," Avelina alisema.

Mkuu akampa. Aliandika kurasa mbili, kuanzia beseni la vyombo.

Kwa Romani alikwenda mchana, jua likiwa la utosi, aone uso wa mtu anayezungumza naye. Alimkuta shambani akitengeneza matuta yale ya mviringo ya Kifipa, yanayofukiwa nyasi zioze zilishe mazao. Alimweleza akiwa amesimama. Alipofika mahali pale Winifrida alipomkamata kiunoni, sauti ilikatika, akaanza upya. Romani aliegemea jembe lake.

"Kwa hiyo jioni ile ya jumuiya," alisema.

"Sikuuona mkono wako, baba Winifrida."

"Haya. Mkono nimeshakusamehe, sasa hivi hapa." Akageuza uso. "Lakini mtoto wangu nilimkemea akiwa amelala na mawe mguuni, nikamlazimisha akuombe radhi wewe. Wewe ukiwa umesimama unasikia. Hilo, Madam, sijui nitalifanyaje."

 Romani akarudi kulima, na mwalimu akasimama pale hadi alipoelewa kwamba mazungumzo yamekwisha.

Winifrida mwenyewe, bado yuko hospitalini, alimpokea vizuri kuliko alivyostahili. Alikuwa amekonda, nywele zimesukwa upya na mgonjwa wa kitanda cha jirani.

"Tulijua, Madam," alisema. "Tangu Juni. Kituo kilikuwa upande huu, wewe ukaangalia kule. Tukapanga zamu, nani atakaa karibu yako na kusema kwa sauti. Siku ile ya mlimani ilikuwa zamu yangu."

"Kwa nini hukumwambia baba yako? Au Mkuu?"

Mtoto alifikiri. "Nilikuwa nangoja useme wewe."

Mambo hayakuisha kwa uzuri. Wilaya ilimpa Avelina barua ya onyo kali, ikamwondoa kwenye klabu na kwenye zamu zote za jioni. Vipindi vya mchana alibakiziwa, kwa sababu mwalimu mwingine wa jiografia hakuwepo. Klabu haikupata mlezi, na kufikia Oktoba watoto walikuwa wameacha kukusanyika. Kijijini wengine walimhurumia. Wengine walisema huruma ni sawa, lakini kalamu haina upofu. Maelezo yale aliyaandika mchana kweupe. Maneno hayo alipoyasikia hakuyapinga. Winifrida alikosa mtihani wa kidato cha pili, Januari akarudia kidato hicho na waliokuwa nyuma yake, akichechemea, mguu mmoja mfupi kuliko mwenzake. Romani humsalimia Avelina kanisani kwa mdomo. Mkono hajampa.

Likizo ya Desemba bintiye, Sharon, alirudi kutoka Matai alikokuwa akikaa kwa ndugu na kusoma kidato cha tatu. Avelina alimwambia siku ya pili tu, kabla ujasiri haujamwisha. Mwezi Januari, kabla shule hazijafunguliwa, wakaenda pamoja kwa Daktari Loth. Alimmulika binti kwa muda mrefu kama alivyommulika mama. Kisha akasema dalili zipo, ni changa sana, huenda zikachukua miaka mingi, huenda zisichukue. Akaandika barua nyingine ya Mbeya na kuiunganisha na ile ya kwanza kwa pini.

Njiani Sharon hakulia. Siku tatu alizungumza yale ya lazima tu: chumvi iko wapi, maji yamechemka. Siku ya nne walikuwa jikoni wakichambua maharage, Sharon upande wa mlangoni penye mwanga, ndipo akauliza bila kunyanyua uso:

"Wewe ulianza ukiwa na umri gani?"

"Thelathini na tisa."

"Na babu?"

"Bibi yako anasema ujanani."

"Kwa hiyo hatujui."

"Hatujui."

Sharon aliokota kijiwe katikati ya maharage, akakitupa nje. "Nikichaguliwa kidato cha tano ni bweni. Umeme ukikatika usiku, nitafikaje chooni?"

"Tutakwenda shuleni mapema, kabla hujaripoti. Tutawaeleza, watakupa kitanda cha karibu na mlango, na wenzako..."

"Mama."

"Ndiyo."

"Mimi sitaki waambiwe."

Alisema bila jeuri, kwa utulivu kabisa, kama mtu aliyelifikiria jambo siku tatu na kulimaliza. Avelina aliacha kuchambua. Maneno yote ambayo mtu mwingine angemwambia bintiye alikuwa nayo, na hakuna hata moja aliloweza kulisema kwa haki. Nje Isdori alikuwa akipiga randa ubao. Sharon aliusogeza ungo karibu na mwanga wa mlangoni, akaendelea kuchambua.